Matanga ya Mjomba Msinawe

Ipo siku moja ya usichana wangu, mwanangu, ambayo kila ikinijia huacha nilichokishika, hata kama ni korosho ninazobangua. Ni siku niliyotumwa matangani kwenda kuchekesha watu. Usishangae. Sisi na ukoo ule ni watani tangu enzi ambazo hata bibi yangu hakuzijua, na kwetu huku mtani haendi msibani kukunja uso. Kazi yake ni kuvaa kama marehemu alivyovaa, kutembea kama alivyotembea, kusema kama alivyosema, kuwaudhi wafiwa kidogo na kuwachekesha, mpaka yule ambaye majonzi yamemkaba afunguke. Msiba ukipita bila mtani wazee wetu waliuona kama haujaisha.

Aliyekufa alikuwa mchekeshaji wa televisheni. Jina lake la mchezoni lilikuwa Mjomba Msinawe. Wewe hukumwona, na nikikusimulia hutacheka, kwa sababu nyinyi siku hizi hamcheki mpaka muone mtu ameanguka. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walipanda huku juu na malori yao, mitumba ikajaa gulioni, na bwana mmoja pale Newala mjini akanunua televisheni, dishi na jenereta, akapanga mabenchi kwenye banda lake la kuwekea korosho. Jumapili jioni vijana wote tulikuwa mle ndani, tumebanana, mavumbi ya maganda ya korosho yakituwasha.

Mjomba Msinawe alikuwa mjomba mlafi. Familia ikishakaa mkekani, ugali umefunuliwa, birika la kunawia linaanza kuzunguka, unasikia sauti kutoka nje: "Subirini, msinawe!" Halafu anaingia, tumbo mbele, suruali kaifunga kwa kamba ya katani. Ananawa yeye kwanza, taratibu, kidole kwa kidole, mpaka maji ya birika yanakwisha. Hapo banda zima lilikuwa linapiga kelele. Nadhani watu wa Dar es Salaam waliucheka ulafi wake. Sisi wa Newala tulichokuwa tunakipigia kelele ni yale maji. Huku juu maji yalikuwa ya kufuata bondeni, unashuka asubuhi na ndoo tupu, unapanda jua limeshawaka na ndoo kichwani, shingo inauma. Kumwona mtu anamaliza birika zima kwa viganja viwili ilikuwa karibu na dhambi, na ndiyo maana tulicheka mpaka mbavu hatuna.

Tena alikuwa wetu. Mama yake alikuwa akiishi kijiji cha ukingoni, pale ambapo ukisimama nyuma ya nyumba unaona bonde lote chini. Kiswahili chake kilikuwa cha huku, na hakukificha. Watu waliozoea kutucheka tunavyotamka maneno sasa walikuwa wanamwiga yeye, na sisi tulitembea vifua mbele kama vile televisheni tumeingia wote.

Basi mchana mmoja wa masika redio ikatangaza kwamba amefariki. Hakuugua. Alikuwa anajitayarisha kwenda kurekodi, akaanguka, ikawa ndiyo mwisho. Mwanangu, gulio lilisimama. Nilimwona muuza mitumba, mtu mwenye mdomo kweli kweli, amekaa juu ya furushi lake analia bila kujifuta. Mwenye banda alizima jenereta akafunga mlango. Mimi nililia mpaka macho yakavimba, na ukiniuliza nilimlilia nani ningekujibu bila kufikiri: Mjomba Msinawe.

Mvua zilikuwa zimekata njia kule Rufiji, magari hayapiti, kwa hiyo walimzika hukohuko Dar es Salaam. Huku kwa mama yake likawekwa tanga. Watu walitoka Masasi, walitoka Tandahimba, wauguzi wawili walipanda kutoka Ndanda na sare zao, wote wamesimama nyuma ya pikapu katika matope. Wengi hawakuwa ndugu wala majirani. Walikuwa wapenzi wake tu, na wengine walikuwa wamejifunga kamba za katani kiunoni kwa kumuenzi. Walipofika walikuwa wanaingia kwa mama yake, wanampa mkono, wanasema, "Pole sana, Mama Msinawe." Naye anaitikia, "Ahsanteni."

Yule mama hakuwa analia. Hilo ndilo lililowatia hofu ndugu zake. Alikaa mkekani amejifunika kanga, macho makavu, anatazama mlango. Chakula kikiletwa anasema atakula baadaye, kisha kinaondolewa kimepoa. Dada yake alikuja mwenyewe kwa bibi yangu, amelowa mvua, akasema wanaogopa. Mtu wa umri ule akikaa hivyo, bila kulia na bila kula, wataanza kushona sanda nyingine. Akaomba mtani aje.

Siku zote mtani wa nyumba ile alikuwa bibi, lakini magoti yake yalishagoma kwenda mbali. Akaniita mimi.

"Unamjua marehemu?" akaniuliza.

"Bibi, nani asiyemjua?"

Alinitazama kidogo, kama mtu anayetaka kuongeza neno, halafu akasema haya, nenda.

Nilikwenda kwa furaha, sikufichi. Nilikuwa na majonzi ya kweli, lakini chini ya majonzi kulikuwa na kiherehere. Nilimjua Msinawe mstari kwa mstari. Nyumbani nilikuwa nikimwigiza mpaka wadogo zangu wanamwaga uji. Nikaazima suruali ya kaka yangu, nikaifunga kwa kamba, nikasokota kanga mbili nikaziweka tumboni. Nilipofika kijijini watu wa nje waliponiona tu wakaanza kuguna na kusogea, wanajua mtani amekuja.

Nikasimama uani nikapaza sauti: "Subirini, msinawe!"

Kicheko kilichotoka pale, mwanangu, sijapata kukisikia tena. Wale vijana wa kamba walicheka huku wanalia. Nikaingia ndani kwa wanawake, tumbo mbele, nikanyakua birika, nikaanza kunawa kidole kwa kidole. Mashangazi wa marehemu wakafunika midomo kwa kanga. Dirishani pamejaa vichwa. Nikaona mambo yamenyooka, nikaendelea, nikasema yote niliyoyajua, na nilipomaliza nikageuka kumtazama mwenye msiba.

Macho yake yalikuwa makavu vilevile.

"Umemaliza, mama?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

Nikasema nimemaliza.

"Umeigiza vizuri. Wageni wangu wamefurahi. Sasa Bakari wangu utamwigiza saa ngapi?"

Nitakwambia ukweli. Nilizungusha macho mle ndani kumtafuta huyo Bakari ni nani. Nilidhani ni mjukuu, au ni mgonjwa aliyelala chumbani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba Bakari ndiye yeye. Mtu niliyemlilia mpaka macho yakavimba, jina lake sikuwa nalijua.

Na wewe unajua kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake. Lile jina la kwanza hulisikia mara chache. Yule mama alikuwa Mama Bakari kijiji kizima, kisimani, kliniki, shambani, maisha yake yote ya utu uzima. Mtoto alipopata umaarufu, watu wakaanza kumwita Mama Msinawe wakidhani wanamheshimu. Sasa mtoto amekufa, na jina la mama limekwenda kabla yake.

Akasema, na aliyasema taratibu ili sote tusikie, "Mimi sikuzaa Msinawe. Tangu juzi watu wanaingia humu wananiambia Msinawe amekufa. Hata kaka yangu aliyeleta habari, aliniambia, dada, Msinawe hatunaye. Nawaitikia. Ila najiuliza, na Bakari yuko wapi? Mbona hakuna anayekuja kuniambia habari za Bakari?"

Dada yake aliinama. Kule dirishani vichwa vilianza kupungua. Kanga zangu za tumbo zilikuwa zimeanza kuteleza na mimi nimezishika kwa mkono mmoja, na nilitamani ardhi inimeze. Nilitaka kukimbia. Lakini mtani haruhusiwi kuondoka na kazi nusu, hilo bibi alikuwa amenifunza tangu mdogo. Nikazitoa zile kanga, nikakaa karibu na magoti yake.

"Mama Bakari," nikasema, "mimi Bakari simjui. Nifundishe nimwigize."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuliita lile jina. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. Akanyoosha mkono, dada yake akamsaidia kusimama. Mfiwa hasimami kufanya kazi ya mtani, haijawahi kuonekana, lakini hakuna aliyethubutu kumzuia. Akachukua kanga moja kati ya zile zangu, akaisokota ikawa kata ya kubebea ndoo, akaiweka kichwani, akakunja shingo kama mtoto aliyelemewa na ndoo.

"Huyu ndiye aliyekuwa anafuata maji," akasema. "Binamu zake wakubwa walimtuma yeye. Anapanda mlima peke yake, na huku nyumbani sisi tumeshapakua. Maji ya kunawa yalikuwa yale ya jana, machafu, tunanawa hivyohivyo kwa njaa. Sasa yeye akifika pale kwenye mkorosho wa kwanza anaona moshi, anajua tunataka kula. Hakuwa anapiga kelele kwa ulafi. Hakusema hivyo ulivyosema wewe. Alisema hivi."

Akaita. Aliita kwa sauti nyembamba, ya mtoto anayehema, anayeogopa kuchelewa na anayefurahi kwamba amefika: "Subirini, msinawe! Nimeleta maji safi!"

Hilo neno la mwisho hatukulisikia hata siku moja kwenye televisheni. Lilipomtoka, sauti ilikatika. Akashika kichwa kwa mikono miwili, kata ikaanguka, akasema, "Mwanangu Bakari amekufa," akakaa chini akalia. Alilia kilio cha mtu mzima, cha tumboni. Dada yake alimkumbatia naye akalia, nami nikalia, na safari hii nilijua ninamlilia nani.

Baada ya hapo ilikuwa kila mtu wa nyumba ile na Bakari wake. Shangazi mmoja akaeleza alivyokuwa anaogopa jogoo. Mwingine akaigiza alivyosoma Kurani huku anasinzia, kichwa kinashuka na midomo bado inakwenda, na mama yake alicheka huku machozi yanamtoka, akasema ndivyo, ndivyo kabisa, ila alikuwa anakoroma pia. Wale vijana wa nje waliingia mmoja mmoja, wakakaa sakafuni karibu na mlango wanasikiliza. Nilimwona kijana mmoja wa Masasi akifungua polepole kamba yake ya kiunoni, akaisokota akaitia mfukoni. Alipopata nafasi akamsogelea yule mama, akasema, "Shikamoo. Pole, Mama Bakari." Akamjibu, "Marahaba, mwanangu. Umefika." Kisha Mama Bakari akamwambia dada yake amletee maji anawe, maana njaa imemshika.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia bibi yote, na ile aibu sikuiacha. Alinisikiliza akiyasugua magoti yake. Akasema, "Ndiyo maana nilikuuliza kama unamjua." Nikamwuliza kwa nini hakunionya. Akasema angenionya, ningekwenda kumwigiza Bakari wa kubuni, na huyo angekuwa mbaya kuliko Msinawe.

Mwanangu, sikuambii usimlilie mtu uliyemwona kwenye kioo tu. Lia. Aliyekuchekesha amekusaidia kubeba siku zako, na kumlilia ni haki yake. Watu watakwambia unajisumbua, hakukujua. Waache waseme. Lakini fahamu kwamba ulichopewa wewe ni kipande, na kwamba mahali fulani kuna mkeka, na juu yake amekaa mtu ambaye hakufiwa na kipande. Ukifika kwa huyo, au ukimwandikia, au hata ukimtaja tu mbele za watu, usimbebeshe msiba wako wewe. Liache jina la mchezoni nje ya mlango. Uliza nyumbani walimwitaje. Uliza alikuwa mtoto wa namna gani, alipenda nini, alikuwa akimwogopa nani. Usipojua, sema hujui. Kusema hujui msibani si aibu, aibu ni kujifanya unajua mpaka mwenyewe akose pa kulilia. Ukishauliza, nyamaza, umwache akusimulie kwa muda wake, hata akirudia, hata chakula kikipoa. Na si kwa watu maarufu tu. Mwalimu wako, muuza duka, dereva wa basi la Mtwara, wote hao wana mtu anayewaita kwa jina usilolijua.

Mungu akulinde, mwanangu, uendako na urudiko. Akupe kicheko kingi na watu wa kucheka nawe. Watu wakikupenda kwa jina lolote watakalokupa, upendwe. Lakini siku yako ya mwisho, na iwe mbali, awepo anayekufahamu, akuite kwa jina alilokupa mama yako.