Kona Isiyofagiwa

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye pepinyeri, kitalu cha miche ya msituni, karibu na Beni, sikupewa jembe. Chef, mkubwa wa pepinyeri, alinipeleka chini ya banda la matawi ya michikichi, akanionyesha mmea mfupi wenye majani ya kijani kizito, yamejaa madoa meupe kama manyoya ya kanga. Nilipiga magoti bila kuambiwa. Niliupenda palepale.

"Hii haipendake jua, mutoto yangu," chef akasema. "Na chini yake hapana kufagia. Majani yenye kuoza ndiyo chakula yake."

Kazi ilitaka subira. Tulikata bouture, yaani kipande cha shina chenye kifundo, tukakilaza kwenye mboji yenye unyevu, kisha tukangoja mizizi. Haraka haraka haina baraka, na kwa mmea ule ilikuwa kweli tupu.

Baadaye vita vilifunga njia za msituni, pepinyeri ikahamia Butembo. Baridi ya huku juu iliua karibu miche yote. Michache iliyosalia chef alinikabidhi niitunze kwangu, mtaa wa Bulengera, nyuma ya jiko, penye joto.

"Siku pori itatulia, tutairudisha kwabo, kule msituni," akaniambia. "Ikikufa kwako, donc imekwisha."

Sasa, vijana, mnawajua mama zetu wa Kinande na viwanja vyao. Kabla ya chai, kiwanja kimeshafagiwa. Wifi yangu Kavira, dada wa marehemu mume wangu, niliyekaa naye, alifagia hadi nyuma ya jiko, kwa upendo kabisa. Nilikuta mizizi iko wazi na mche mmoja umelala. Nililia mbele yake.

"Mais wifi, bageni batasema tuko bavivu," akasema.

"Baseme. Ile uchafu ndiyo blanketi yake."

Akaweka ufagio chini. Majirani walitucheka kweli. Mmoja aliuliza kama tunafuga nyoka.

Leo nimestaafu. Chef amekwisha kufariki, msitu bado haujatulia, na magoti yangu hayakubali tena kupigwa. Juzi mkwe wetu mpya, bibi harusi mwenye bidii, alifagia kiwanja akielekea ile kona. Nilikuwa dirishani, nikahangaika kuinuka. Kabla sijasimama nikamsikia Kavira, kwa sauti ya chini:

"Pale hapana, mutoto. Pale ni kwabo."