Diskman Juu ya Ngata

Enzi zetu, ukitaka kusikiliza muziki huku unatembea, ilibidi kwanza ujue kutembea. Mnacheka? Muulizeni yeyote aliyewahi kushika diskman miaka ile ya tisini. Kidude cha duara, unatia CD, unafunga kifuniko, unabonyeza, raha mustarehe. Sasa jaribu kupiga hatua. Mwimbaji anakatika katikati ya neno, anarukia ubeti mwingine, kisha kimya.

Ya kwanza kuiona maishani ilikuja na binamu yangu Mwadime, likizo ya Desemba. Sisi tulikuwa tumetoka Voi na joto letu na vumbi letu jekundu, tukapanda milimani Wusi kwa nyanya, ambako asubuhi ukungu unaingia hadi jikoni na mtoto wa Voi anavaa sweta mbili na bado anatetemeka. Mwadime alitoka Mombasa, babake alifanya kazi melini. Aliringa huyo! Tunakula kimanga alichopika nyanya, yaani maharagwe na muhogo vimepondwa vikalainika, mvuke unapanda, yeye anakula kwa mkono mmoja, wa pili unalinda mashine.

Taabu ni kwamba Wusi hakuna tambarare. Ni kupanda ama kushuka. Mwadime alipiga hatua mbili tu, wimbo ukaruka. Kakangu Mwakio akaifunga na sweta, ukaruka. Akaikumbatia kama mtoto mchanga, ukaruka. Nyanya alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Akasema bila kuinua macho, "Mpeni Mghoi. Huyo hata maji ya ndoo hayamwagi."

Mghoi ndiye mimi. Chemchemi ilikuwa chini kabisa bondeni, nami nilipanda na ndoo kichwani, haina kifuniko, na shingo yangu inafika nyumbani kavu. Basi nikaishika diskman kwa viganja viwili, nikalegeza magoti, nikatembea. Haikuruka! Walishangilia utadhani nimepita mtihani wa darasa la nane. Tangu siku hiyo kazi ikawa yangu. Mimi katikati na mashine, Mwadime kushoto na iyafoni moja sikioni, kulia yeyote ambaye zamu yake imefika na iyafoni ya pili, sote watatu tumeunganishwa na waya kama mbuzi wa sokoni. Wengine wanafuata nyuma wakigombania nafasi.

Sasa niwaambie kilichoniuma. Zamu ilimfikia kila mtu, hata watoto wa jirani, ila mimi. "Wewe ukisikia ngoma utatingisha mabega," Mwadime aliniambia. "Itaruka." Na mwenyewe hawezi kwenda hata chooni bila kujikwaa! Nilibeba nyimbo zile juu na chini likizo nzima na sikujua hata moja inavyokwenda. Niliwaona tu wakifumba macho, wakiimba vipande kwa kelele, maana mwenye iyafoni hudhani kiziwi ni wewe. Nami sikutaka makubwa. Nilitaka wimbo mmoja, toka mwanzo hadi mwisho. Nililia jikoni siku moja, nyanya aliponiuliza nikasingizia moshi.

Betri nazo zilikuwa zinaisha. Duka la karibu lilikuwa na zile kubwa za tochi peke yake. Hizi ndogo tulizianika kwa lile jua la kubahatisha la Wusi, tukazing'ata kwa meno, tukazirudisha, zikapata uhai kidogo. Na Mwadime alikuwa anarudi Mombasa na mashine yake. Nilijua ikiondoka, basi tena.

Siku ya kumsindikiza hadi barabarani, nyanya akasema anakuja pia. Tulipofika uani akaniangalia, akarudi ndani, akatoka na ngata yake ya majani ya mgomba. Akaniwekea kichwani. Akaichukua diskman mikononi mwa Mwadime, akailaza juu ya ngata, kisha iyafoni zote mbili akazitia masikioni mwangu.

"Nyanya, ataiangusha!" Mwadime alikuwa karibu kulia.

"Mjukuu wangu haangushi kitu. Na nyinyi wa nyuma, tembeeni polepole. Atakayemtikisa huyu mtoto atanijua leo."

Akabonyeza. Jamani! Sikujua muziki unaingia hivyo, kama watu wanaimba ndani ya kifua changu. Nilishuka ule mteremko mikono ikining'inia, mabega tuli, machozi yanateremka yenyewe. Haukuruka hata neno moja. Niliusikia wote, mpaka gitaa la mwisho likanyamaza. Wa pili ulipoanza, sauti ikafifia, ikapotea. Moto wa betri umeisha. Nikageuka polepole, mwili mzima, niwaambie imezima. Nikamwona Mwadime ananyata, viatu mkononi. Mwakio ananyata. Watoto wa jirani wamefunga midomo, na nyanya, na magoti yake yale yanayouma, ameinua gauni asikwae. Nikaziacha iyafoni masikioni. Nikageukia barabara, nikaendelea kushuka.

Siku hizi binti yangu ana simu yenye nyimbo hata hajui idadi, na iyafoni zisizo na waya. Anakimbia, anaruka kamba, muziki hautikisiki. Lakini hakuna wimbo anaoufikisha mwisho. Kidole kinauondoa kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Nikimsimulia haya ananihurumia. "Mum, aki mliteseka." Kisha anaingia chumbani, anafunga mlango, anasikiliza peke yake, na mimi nabaki sebuleni nikitamani angeniita.

Labda tuliteseka kweli. Nina simu pia, na nimesikiliza mengi tangu wakati ule, nyanya ameshazikwa kule Wusi na Mwadime tunaonana matangani tu. Lakini sijawahi tena kupata watu wa kunyata nyuma yangu, mteremko mzima, ili mimi nisikie.