Nilivyomkimbiza Mama Mpaka Kwenye Shamba la Chai

Kuna watu pale sokoni kwetu wananiita Afande, na nyinyi mmeniuliza mara nyingi ni kwa nini, na mimi kila mara nimekuwa nikisema ni utani tu wa akina mama halafu nabadilisha mazungumzo. Basi leo nitasema, kwa sababu nimesikia bibi mmoja wa pale, Kogo Tabutany, ameanza kuwasimulia hadi wateja wapya, na katika hadithi yake mimi nilikuwa na rungu (sikuwa na rungu, jamani, hata fimbo sikuwa nayo). Aibu ni yangu, wacha niibebe mwenyewe.

Ilikuwa likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha tatu. Kaunti ilitangaza kwamba inataka wanafunzi wa sekondari wafanye kazi likizo nzima kwenye ofisi za wadi, tena walipwe. Kulipwa! Sisi tuliozoea likizo ya kuchuma chai ya jirani na kuchota maji tulidhani ni uongo, lakini nikaomba, nikaitwa, nikapata. Mama yangu anauza ndizi na mboga sokoni (babu yangu alitoka Kisii akaja huku kuchuma chai, hakurudi tena, ndiyo maana sisi ni watu wa hapa), na siku nilipopata ile nafasi hakuna mteja aliyenunua hata kitunguu bila kuambiwa kwanza kwamba Kerubo wake yuko serikalini.

Serikalini kwenyewe nilikuwa napanga viti na kuchemsha chai, na kujibu simu ambayo haikuwahi kulia. Nilianza kuchoka na serikali. Ndipo siku moja msimamizi wa wadi, Bwana Langat, ambaye sote tunamwita Admin, akaniita mezani kwake.

"Kerubo," akasema, "wewe ni mtoto wa soko. Mimi nikienda kule wananiangalia viatu tu, hawanisikii. Kuna pesa imetengwa ya kujenga paa ya soko. Lakini sheria inataka wenye soko waje kwa mkutano waseme wenyewe wanaitaka. Wasipokuja, hiyo paa inaenda wadi nyingine. Umeelewa?"

Nilielewa kuliko alivyodhani. Mnajua mvua ya kwetu, mchana ukigeuka tu nayo imefika, kila siku, kama mtu wa kazi. Soko letu halikuwa na paa wala nguzo, ni uwanja wa matope tu, na mama yangu alikuwa anajifunika karatasi ya nailoni, yeye na ndizi zake pamoja, akikohoa humo ndani kuanzia Aprili hadi Septemba. Mvua ikizidi wanawake walikuwa wanahamia kwenye veranda za maduka, na kuuza kwenye veranda ni marufuku, kwa hiyo wakishahamia tu, kanjo wanakuja (kanjo ni askari wa kaunti, kama kuna mtu hapa amebahatika kutowajua), wanawafukuza warudi mvuani. Hayo ndiyo yalikuwa maisha ya mama. Nilipotoka kwa Admin nilikuwa nimeshajiapia moyoni kwamba ile paa haiendi popote.

Wiki nzima nikazunguka kwenye vikapu vya watu nikiwaalika. Wakaniambia "tutakuja, mtoto", ile tutakuja unayompa kiongozi wa kwaya akikukumbusha mazoezi. Mama mwenyewe aliniuliza kama kutakuwa na soda. Kogo Tabutany, bibi wa Kikipsigis (kogo ni bibi kwa lugha yao) anayeuza mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu chake kando ya mama, alinishika mkono akaniambia kwa upole, "Lakwet, mtoto wangu, hiyo mikutano tumeenda tangu ujana wetu. Tukirudi, mvua bado iko."

Basi siku moja kabla ya mkutano, Admin akanituma niende mara ya mwisho. Nje kulikuwa kumeshakuwa kweusi, na nyuma ya mlango wa ofisi kulikuwa na vitu viwili vya kujikinga mvua. Cha kwanza kilikuwa mwavuli wa sekretari, rangi ya waridi, una mbavu zilizovunjika, ukiufungua unafanana na kuku aliyeloa. Cha pili kilikuwa koti la mvua la Afande Rono, mkuu wa kanjo wa wadi yetu, kijani kibichi lenye mistari inayomulika na maandishi makubwa ya kaunti mgongoni. Afande alikuwa amesafiri kwenda Bomet kwenye mazishi, koti akaliacha.

Sasa hapa ndipo ningependa kuwaambia kwamba nilichukua koti kwa sababu ya baridi. Hapana. Nilichukua koti kwa sababu pale njiani kuna kinyozi, na pale kwa kinyozi hukaa wasichana wawili wa darasa letu ambao walikuwa wamesema mimi nafagia kaunti. Nilitaka waone maandishi ya mgongoni. Ndiyo hivyo tu. Mwavuli ulikuwepo, nikauangalia, nikauacha.

Nikapita kwa kinyozi polepole, kifua mbele. Hakukuwa na mtu, kinyozi alikuwa amefunga. Na kabla sijamaliza kusikitika, mvua ya mawe ikaanza kunipiga, nikavuta kofia ya lile koti ikanifunika hadi puani, nikakimbia.

Nikakimbilia wapi? Sokoni! Hebu fikirini nyinyi wenyewe, mmejibanza kwenye veranda ambako hamruhusiwi, mmetandaza nyanya zenu, halafu kwenye mvua unamwona mtu amevaa koti la Afande Rono, hana uso, anakuja kwenu mbio.

Sauti ya mwanamke ikapasuka: "Kanjo! Kanjooo!"

Na soko likaondoka. Sijui niseme vipi vingine. Wanawake walikunja magunia na nyanya zikiwa ndani, muuza mitumba akajivika nguo zote alizoweza, mwenye bucha (na yeye ana leseni, alikuwa anakimbia nini?) akavuta mlango akawafungia wateja ndani. Mimi nikasimama katikati ya veranda nikisema, "Jamani, ni mimi! Rudini!" lakini mvua ilikuwa inapiga kelele kuliko mimi, kwa hiyo nikafanya kile ambacho mtu mwenye akili asingefanya, nikaanza kuwakimbilia nikipunga mikono ili wanielewe. Wakaongeza mwendo.

Mbele yangu nikamwona mama. Namjua mama yangu hata kwa nyuma. Alikuwa na mkungu wa ndizi begani, na kiatu kimoja cha plastiki kimemchomoka kwenye matope, nikakiokota, nikamfuata nacho nikiita, "Mama! Mama! Simama!"

Naye bila kugeuka akanijibu akihema, "Nihurumie, afande, hata wewe uko na mama!"

Nyuma ya soko kuna shamba la chai la mzee mmoja, na chai mnaijua, ukichuchumaa kati ya mistari umepotea. Mama akatumbukia humo na mkungu wake, na mimi nikatumbukia nyuma yake, nikateleza, nikaanguka kifudifudi, kofia ikarudi nyuma. Nilipoinua kichwa mama alikuwa amepiga magoti mbele yangu, ndizi zimetawanyika, mikono juu.

"Kerubo?" akasema.

Nikampa kiatu. Sikujua la kufanya lingine.

Kisha vichwa vikaanza kuchomoza kwenye chai, kimoja hapa, kimoja pale, hadi shamba likajaa vichwa vyenye leso vinavyoniangalia. Kogo Tabutany alikuwa karibu, amekumbatia kibuyu chake, mursik yote imemwagika kifuani. Nilitamani yale matope yanimeze. Kwa mbali mwenye shamba alikuwa anatukana kwamba tumemvunjia machipukizi.

"Kumbe ni huyu," Kogo akasema, na hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mnatuita mkutano kwa mdomo, halafu mnatukimbiza kwa miguu. Waambie kesho hatuji."

"Kogo, nisamehe, si ofisi, ni mimi tu nili..."

"Hatuji."

Jioni mama aliketi jikoni. Aliosha ndizi zilizobaki moja moja kwenye karai, akatenga zilizopondeka, nyingi tu, na kila alipokohoa mimi nilisikia kama ile paa inabebwa na watu wengine kupelekwa mbali. Mwishowe nikamwambia kesho nitaenda ofisini asubuhi kuaga, kazi basi.

"Hakuna kuaga," akasema. "Utaenda usimame, useme ulichofanya. Mimi sikuzaa mtu wa kujificha." Halafu akatazama pembeni. "Ingawa leo nimejificha mwenyewe."

Asubuhi nilipanga viti kwenye ukumbi wa kanisa tuliouazima, nikijua ninapanga vya bure. Nikamweleza Admin kila kitu. Alishika kichwa kwa mikono miwili akabaki hivyo. Afande Rono naye alikuwa amerudi, akalipokea koti lake, akaligeuza, akatoa jani la chai mfukoni, akaniangalia, akaligeuza tena. Saa ya mkutano ikafika na ukumbi mzima ulikuwa na sisi tu, na wazee wachache waliokuja mapema kuwahi soda.

Ndipo tukasikia kelele nje, za watu wengi.

Walikuja wote. Nasema wote, muuza mitumba, mwenye bucha na aproni yake ya damu, wanawake wa mboga, hata yule mzee wa shamba la chai na tawi lililovunjika mkononi kama ushahidi. Viti vikaisha, wakasimama kando ya ukuta. Kogo Tabutany akapita mbele bila kuitwa.

"Hatukuja kwa mkutano," akasema. "Tumekuja kushtaki."

Niliona Admin akiketi wima, macho yakimwaka. "Vizuri sana, Kogo," akasema. "Mshtaki, na kila kitu kiandikwe. Kila mtu aseme alipoteza nini, na alikuwa anauzia wapi."

"Kwa veranda."

"Na kwa nini kwa veranda, na mnajua imekatazwa?"

"Kwa sababu ya mvua!" ukumbi mzima ukajibu kwa pamoja, kwa hasira, na kutoka hapo hawakuweza kunyamaza. Mmoja akasema nyanya zake zinaoza, mwingine akasema mtoto wake mdogo analala kwenye boksi lililoloa. Mama yangu, ambaye hajawahi kuongea mbele ya watu hata harusini, alisimama akasema kile kikohozi chake kinatoka wapi. Walikuwa wanashtaki, lakini walichokuwa wanasema ni paa, paa, paa, na karani alikuwa anaandika mpaka kidole kikamuuma.

Kisha Kogo akanigeukia. "Na huyu?"

Nikasimama. Nikasema yote, koti, kinyozi, wasichana ambao hata hawakuwepo, na kwamba mwavuli ulikuwepo nikauacha.

"Mwavuli gani?" Kogo akauliza.

Sekretari akauinua ule mwavuli wa waridi. Ukafunguka wenyewe, mbavu moja ikadondoka sakafuni.

Kogo akautazama sana. "Ungekuja na huo," akasema, "ningekimbia pia."

Kuna mtu alicheka, nadhani ni Afande Rono, na wengine wakafuata. Mwenye bucha akapaza sauti kwamba kosa si la mtoto peke yake, kuna mtu aliyeanza kupiga kelele za "Kanjo", na huyo ndiye aliyetumaliza, ni nani? Watu wakatazamana. Halafu taratibu, kule nyuma, mkono wa mama yangu ukapanda.

"Sikumtambua," akasema, na sauti yake ikazama kwenye kicheko kilichotikisa madirisha. Mimi nilicheka nikilia, kwa sababu alikuwa ameinua ule mkono ili nisibaki nimesimama peke yangu, na hilo nililijua.

Likizo ya Desemba Admin alinichukua tena, kwa sharti moja, nisiguse koti la mtu, na Afande Rono siku hizi koti lake analifungia kabatini kwa kufuli. Mimi nami nimejiapia, na nyinyi ni mashahidi, sitavaa tena vazi la kazi ya mtu ili nionekane na watu ambao hata hawapo. Nikiwa na haraka nitaloa. Ule mwavuli nilipewa niurekebishe, nikaurekebisha, ni wangu.

Juzi nilipofunga shule nilishuka barabarani nao mvua ikinyesha, na mama akaniona kwa mbali. Tangu mwaka jana huo umekuwa mchezo wake, akiniona tu anapiga kelele "Kanjo!" na wenzake wanainua vikapu wakijifanya wanakimbia, nami napita na aibu zangu. Juzi pia nilimwona akikusanya mikono mdomoni akiita kwa nguvu zake zote, kifua chake kikimruhusu. Lakini hakuna aliyeinuka. Kogo aliendelea kumimina mursik, muuza mitumba akaendelea kukunja shati. Mvua ilikuwa inapiga mabati mapya kwa kishindo, hawakumsikia hata kidogo.

Nikafika, nikakunja mwavuli, nikaingia chini ya paa.