Njia ya Waya katika Nyumba ya Mtanda

Mzee Ignatius alikuwa ameshuka ngazi mara nne tangu anywe chai, na mara nne akazipanda tena. Magoti yalimuuma lakini kukaa hakuweza. Fundi Likwata alikuwa juu na mashine yake ya kutobolea, amekuja kueneza waifai katika nyumba nzima, na mzee hakutaka afanikiwe.

Nyumba hiyo ya Mtanda, mjini Lindi, aliijenga mwanawe Anthony kwa fedha za ufuta: chini, na ghorofa mbili juu, vyumba kumi na kimoja, kila mtu na mlango wake, kila mlango na ufunguo wake. Kule Nyangamara alikozaliwa mzee, watu kumi na wawili walikula kwenye sinia mbili, na aliyenuna alijulikana kwa namna alivyomega ugali. Hapa mtu angenuna wiki nzima bila yeyote kujua.

Kilichomwokoa mzee ni ubovu wa mtandao. Ruta ilikaa sebuleni chini, ndani ya kabati la vyombo, na mkwewe Fortunata aliifunika kitambaa cha kufuma, kama alivyofunika redio na jagi. Zege nalo lilikuwa nene, limejaa nondo; mtandao haukuvuka ngazi ya tano. Basi kila mwenye haja nao alishuka sebuleni, na kila aliyeshuka alisema shikamoo. Jioni walijaa hadi mkekani. Waliinamia simu, ndiyo, lakini mmoja akicheka, wa pili aliuliza kuna nini, na maneno yakaanza. Halikuwa jambo kubwa. Ndilo alilobakiwa nalo.

Mjukuu wake Debora ndiye aliyelalamika hadi fundi akaitwa. Alisoma chuo kwa mtandao na mtihani ulikuwa Jumatatu. Angeufanyia wapi, katikati ya watu wanaogombea rimoti?

Likwata alishuka akijipangusa vumbi. Kitambaa alishakitoa, ruta alishaitoa kabatini, visambazaji viwili vya mtandao alishavibandika ukutani juu. Taa zake ziliwaka, mtandao haukufika.

"Babu, hii mlijenga nyumba au handaki?"

"Wewe ni fundi au umekuja kuhesabu ngazi?"

"Nazihesabu pamoja na wewe, naona hutulii! Hakuna njia ya waya humu?"

"Fundi ni nani hapa?"

Njia ilikuwepo. Kwa miaka ishirini na minane Ignatius alikuwa fundi wa laini za simu, akipanda nguzo toka Lindi kupitia Kilangala hadi Kitomanga. Simu ya siku hizo iliita juu ya meza moja, mtu akatumwa kumwita mwenyewe, na majirani wakafuatana naye kusikia kama ni msiba au ni heri. Kisha nyaya zikauzwa chakavu, nguzo zikawa kuni, naye hakuulizwa. Nyumba hii ilipojengwa, aliwasimamia waashi mpaka wakapitisha bomba tupu la plastiki ndani ya ukuta, kutoka sebuleni hadi ghorofa ya juu. Walimcheka, wakaiziba midomo ya bomba kwa plasta. Anthony alishasahau.

"Basi natoboa," alisema Likwata. "Pale konani, waya upite."

Konani palikuwa na boriti iliyobeba ghorofa zote mbili. Mashine ikaanza kulia. Mzee akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Angenyamaza tu, waya ungekwama kwenye nondo, na jioni sebule ingejaa. Lakini ile sauti ya chuma kikila boriti ilimwingia menoni.

"Zima hilo lidude!"

Likwata akazima. Mzee akapima shubiri nne toka fremu ya mlango, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Vunja hapa."

Plasta ikadondoka, mdomo wa bomba ukaonekana.

"Mzee! Si nimekuuliza?"

"Uliuliza vibaya."

"Kuna kuuliza vizuri?"

"Kuna kufikiri kabla ya kutoboa. Vuta waya, jua linakwenda."

Saa tisa alasiri mtandao ulijaa kila chumba. Debora alimkumbatia babu yake, akakimbilia juu na vitabu. Mmoja mmoja wengine nao wakapanda, kila mtu chumbani kwake. Hata Fortunata akapanda na simu yake.

Mzee akabaki anatazama kabati. Kicheko kikasikika juu, asijue ni cha nani. Akahamia kiti kingine, akarudi kile cha kwanza. Hatimaye akainuka, akazipanda ngazi akishikilia ukuta, akagonga mlango wa Debora.

"Nani?"

"Fundi."

"Babu? Unatafuta nini?"

"Nakagua kazi. Fungua."

"Unakamata vizuri, babu. Mistari yote imejaa."

"Hilo nitalisema mimi."

Debora akafungua huku akicheka. Mzee akaingia, akaitazama simu ya mjukuu wake, akavuta kiti, akakaa.

"Kazi haikaguliwi kwa kusimama," alisema. "Haya, nionyeshe huo mtihani utauliza nini."

Akakaa mpaka pumzi ikamrudia. Kisha akaenda kugonga mlango wa pili.