Taji la Maitu

Jino la Maitu, mama yetu, lilivunjika akitafuna mahindi ya kuchoma nyumbani kwake Ngoingwa. Nilipoambiwa, nilijua moja kwa moja kwamba kazi hiyo ni yangu. Mimi hutengeneza meno bandia katika maabara ndogo mjini Thika. Mdogo wangu pia ni fundi wa meno, na ni mimi niliyemfundisha kuchonga meno ya nta, lakini alikuwa amehamia kliniki moja ya Ruiru yenye mashine ya kuskani mdomo.

Daktari ninayeshirikiana naye alilipunguza lile jino, kisha akamjaza Maitu mdomo kwa ule uji mzito wa kuchukulia alama za meno.

"Ngai! Mnataka kuniua?" Maitu alilia, machozi yakimtoka.

Nilimchongea taji la kufunika jino, zuri kwa macho. Alipouma, lilikuwa juu kuliko meno mengine. Tukalisugua, tukalisugua tena, na bado chakula kilikuwa kikinasa pembeni. Mwishowe akaniambia, bila kunitazama, "Nimeongea na mdogo wako. Wacha naye ajaribu."

Nilisema namsindikiza tu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona mashine ikishindwa.

Daktari wa Ruiru alilitoa taji langu akaliweka kwenye kisahani cha chuma. Hakuna aliyelitazama tena. Mdogo wangu akakausha jino kwa hewa, akaingiza kifaa kinene kidogo kuliko mswaki, akapitisha kamera yake juu ya magego, upande wa ulimi, kisha upande wa shavu. Kwenye skrini mdomo wa Maitu ukaanza kujijenga kipande kwa kipande. Karibu na ufizi pakabaki shimo jeusi. Nikafurahi.

"Hapo kuna mate," mdogo wangu akasema. Akapangusa, akarudia, shimo likafutika.

Alilichora taji kwenye kompyuta, na mashine ikalichonga kutoka kwa kipande cha seramiki cha rangi ya zambarau. Lilipotoka kwenye tanuri lilikuwa na rangi ya jino. Maitu akapewa karatasi ya buluu aiume, ile ya kuonyesha palipo juu. Hapakuwa na pa kusugua.

"Sisikii kitu," akasema. "Ni kama jino langu."

Akamshika mdogo wangu uso kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nimebeba mkoba wa Maitu.

Jumapili, Maitu aliwafungulia mdomo wanawake wa kanisani, mmoja baada ya mwingine, waone jino. "Ni kazi ya yule wangu wa Ruiru," Maitu akasema, kisha akanionyesha kwa kidevu. "Huyu ndiye alimfundisha." Alidhani ananipa heshima. Nilienda kusimama nje.

Siku chache baadaye nilirudi Ruiru. "Nionyeshe hicho kifaa," nikamwambia mdogo wangu. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akingojea ugomvi. Kisha akapanda kwenye kiti cha mgonjwa.

"Anza na mimi. Usiharakishe, na usiiinue kamera."

Nikaiinua bila kutaka, picha ikapotea, akacheka mdomo ukiwa wazi. Nikaanza upya kutoka gego la nyuma. Safari hii picha ilishika. Meno yake yakajitokeza kwenye skrini, yamejipanga vizuri, mazuri kuliko yangu. Hata hilo liliniuma.