Maji ya Bakuli la Dirishani

Wenzangu wa bweni, hili sijamwambia mtu hapa kwetu.

Juzi niliwaambia watoto wa darasa la tatu, kule kijiji cha ujamaa ninakojitolea kufundisha sayansi, kuwa maji ya bakuli yatapotelea hewani yenyewe.

Kwa baridi hii ya Ufipa hayakupungua.

Jana jioni nikamwaga nusu, nisiaibike.

Leo wakatazama alama ya mkaa tuliyochora bakulini juzi, usawa wa maji.

“Mwalimu, hewa haina kiu hivyo,” Osward akasema. “Ni Veronika, anakaa dirishani.”

“Afungue mdomo tuone,” mwingine akadakia.

Veronika akaanza kulia.

Andikeni hapa chini katika daftari letu, mngefanyaje?

Mimi nilisema ukweli. Nikajaza maji hadi kwenye alama, nikamwomba Veronika alinde bakuli.

Akalisogeza mbali nami. Nikamwachia.