Maji Yaliyopanda Kilima

Miaka ile Likasi kila kitu kilikuwa kinashuka: mishahara, moshi wa viwanda, hata mabega ya wanaume. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchora njia za maji za mtaa mpya upande wa Kamatanda, na nilitaka walau kitu kimoja kipande juu.

Mtaa ulikuwa wa familia zilizotolewa katika nyumba za kampuni ya madini baada ya kazi kuisha. Dada yangu mkubwa alijenga juu kabisa kilimani, kwenye kiwanja cha mwisho kilichobaki. Shemeji alikwisha kusema: maji yasipofika huko, nyumba inauzwa, wanakwenda kulima Kapolowe. Dada hakutaka jembe. Alitaka nyumba ile, ya kwanza maishani mwake ambamo hakuna bosi angeweza kumtoa.

Pampu ilikuwa imekufa na umeme ulikuja ukipenda. Tulibaki na tangi la zamani tu, kwenye kilima cha ng'ambo ya kijito. Nilipima nikaona tangi liko juu kidogo kuliko mlango wa dada. Basi nikachora bomba lishuke mpaka kijitoni, kisha lipande kwake. Watu walinicheka waziwazi.

"Maji haipandake mulima, mama," mchimba mtaro mmoja aliniambia.

"Itapanda. Inajua kwenye ilitoka," nikamjibu kwa ukali, ingawa usiku usingizi sikuupata.

Siku ya kufungua tangi tulilizunguka bomba uani kwa dada, mimi nikiwa nimelishika, koki yake wazi. Likatoa upepo. Likafoka, likakohoa, likanyamaza.

"Mudogo, umetuletea mupepo," dada akasema, macho yake kwenye mizigo ambayo shemeji alikwisha kuifunga. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha bomba likatikisika mkononi mwangu. Yakaja maji mekundu ya kutu, halafu yakatakata, baridi, yenye nguvu. Hapakuwa na mashine iliyonguruma wala waya. Hesabu nilipiga mwenyewe, lakini nilibaki mdomo wazi. Kuhesabu ni jambo moja. Kuona maji yakitoka bondeni kwa miguu yake yenyewe ni jambo lingine. Niliogopa kama mtu aliye kanisani. Mchimba mtaro alivua kofia.

Dada hakuchota. Alitazama tu, machozi yakimtoka bila haya, kisha akanisukuma pembeni kwa bega.

"Funga kwanza," akasema. "Nitafungula mwenyewe."